Matairi Yenye Ua

Mkaguzi wa lango la machimbo ya mawe hakuwa mtu mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali, maana mtu mkali unaweza kumchukia ukapata nafuu. Huyu alikuwa na sauti ya upole na kikohozi kisichoisha, na asubuhi ile alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akachomeka kijichuma chake cha kupimia katikati ya meno ya tairi, akakitazama, akakifuta kwenye suruali, akachomeka tena. Kisha akazunguka nyuma. Mafundi wa zamu ya asubuhi walikuwa wamekaa ndani ya gari, wakijua kinachokuja.

"Dereva," akasema Mkaguzi, "hapa una vipara vinne."

"Ya nyuma bado bado, mzee wangu."

"Bado nini? Kijichuma chenyewe kinateleza. Huko ndani kuna mteremko, mvua ikipiga lile vumbi la mawe linakuwa sabuni. Ukiwamwaga watu nitasema nini mimi?"

"Nipe muda kidogo basi."

"Mwisho wa mwezi. Yote manne. Na kila mwisho wa mwezi nitapima tena. Nikikuta hivi, kazi anapewa mwingine. Sisemi mimi, wanasema wenye kampuni. Mimi napima tu."

Dereva akaitikia kama mtoto wa shule. Nyumba nzima ilikuwa ikila kwa lile gari: mkewe, binti yao, na mama yake mzazi ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Kazi ya kuwapeleka mafundi machimboni asubuhi na kuwarudisha jioni ndiyo iliyolipa kodi ya vyumba viwili, dawa za presha za Bibi na karo ya binti. Ikienda hiyo, imekwenda yote. Alilipitisha gari langoni taratibu, kana kwamba matairi yatasikia aibu yakaota meno.

*

Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na mtaani walimwita hivyo hivyo, Fundi. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha, mahali penye mwanga, na jioni ile alikuwa amekaa nyuma yake akikunja pindo la sare huku mumewe akieleza. Dereva alikuwa ameshinda kijiweni kwa madereva wenzake akiulizia, na kichwa kilikuwa kimemjaa.

"Yale mapya ya kampuni kubwa, ya misimu yote, hayo ndiyo yenyewe," alisema. "Jua twende, mvua twende. Mwenzangu anayo mwaka wa tatu, mifereji bado unazamisha kidole. Ila bei yake, mama watoto, usiulize."

"Nishauliza."

Akamtajia. Fundi akaacha kukanyaga.

"Hiyo ni manne?"

"Hiyo ni moja."

"Makubwa!" Bibi alisema kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi. "Tairi moja? Linakuja na dereva wake?"

Binti akacheka, Dereva hakucheka. Akaendelea. Kulikuwa na mapya ya bei nafuu, lakini hayo wenzake walimkataza. Magumu kama gogo, walisema, yanakaa muda mrefu kweli, lakini mvua ya kwanza ukikanyaga breki gari linajiendea linakotaka. Na kulikuwa na yaliyotumika, yanayoshushwa kwa makontena kutoka ng'ambo. Humo ni bahati yako. Unaweza kuokota lililotembea kidogo tu, zuri kuliko jipya, na unaweza kuokota la kutupa.

"Humo ni kuchagua," Fundi akasema.

"Ni kuchagua."

Wote wawili walitazama cherehani kwa wakati mmoja, kisha wote wakajifanya hawakuitazama. Dereva alikuwa ameshamwomba msimamizi wa usafiri amtangulizie malipo, akaambiwa utaratibu hauruhusu. Kaka yake hakupokea simu. Hakuna mlango uliobaki ambao hakuugonga, ila ule mmoja, nao ulikuwa hapo chini ya dirisha.

"Inatosha mapya ya misimu yote mawili," Fundi alisema, sauti yake kavu, "au yaliyotumika manne. Nimepiga hesabu tangu ulipotaja."

"Sijakuambia uiuze."

"Hukuniambia. Na mkaguzi wako anataka manne. Sasa tubishane nini?"

*

Aliyeinunua ni shoga yake, mwenye duka la kushona kule barabarani. Alikuja na mkokoteni na uso wa huruma, akasema, "Shoga, siku ukikaa sawa njoo uichukue, bei hii hii." Alisema kwa moyo safi. Fundi akamsaidia kuinyanyua, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akarudi ndani akakuta pale chini ya dirisha sakafu ina alama nne za miguu ya meza. Alisugua alama zile kwa kitambaa mpaka Bibi akamwambia aache, hazitoki.

Kesho yake wakaenda wote wawili kwa muuza matairi. Watu walimwita Mjomba, naye aliwaita watu wote wapwa zangu. Uwanja wake ulikuwa umejaa matairi yaliyopangwa kama minara, mengine yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka yanatia kiwi.

Lazima niseme hapa kwa nini Dereva alimchukua mkewe. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuna kitu kilichoingia ndani ya nyumba ile bila kupita kwenye vidole vya Fundi. Godoro, pazia, viatu vya shule, hata mfuko wa mkaa. Alikuwa akishika kitu kati ya kidole gumba na cha shahada, anakisugua kidogo, anafumba macho, anasema kitadumu au hakitadumu. Wateja walimletea vitambaa kutoka madukani kabla ya kulipia, avishike tu. Na hakukosea. Mumewe alitambia vidole vile kijiweni kama wengine wanavyotambia mabao ya timu yao.

"Wewe shika," alimwambia. "Mimi natazama meno, wewe shika."

Fundi akashika. Alipita mnara hadi mnara, akibonyeza, akikwaruza kwa ukucha, akivuta. Mengine aliyaacha upesi: "Hili kavu. Hili lina nyufa, tazama pembeni. Hili kama kisigino changu." Mjomba akacheka, akasema mama huyu angefaa kuajiriwa. Halafu akawapeleka nyuma, kwenye matairi manne yaliyokaa peke yao.

Yalikuwa mazuri, jamani. Meno marefu, mifereji mirefu, na juu ya kila jino vijichanjo vyembamba vimechongwa kama vya wembe. Fundi alibonyeza kidole gumba, kikazama. Akakitoa, mpira ukarudi polepole. Alifumba macho.

"Hili lina uhai," alisema.

"Laini, eh?" Mjomba akadakia. "Laini ndiyo linashika barabara. Haya yametembea kidogo sana. Na ni ya misimu yote, mpwa wangu. Tazama alama hii."

Pembeni ya tairi palichorwa mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima kuna kitu kama ua, lenye matawi sita membamba.

"Ua," Fundi akasema, akilipapasa.

"Alama ya ubora. Hawaweki kwenye tairi lolote tu."

Mjomba hakuwa anadanganya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa tapeli tungemtukana tukamaliza. Aliyanunua matairi yale bila kuyajua, akayasifu bila kuyajua, na aliamini kila neno lililomtoka kinywani. Dereva alimtazama mkewe, na mkewe akatikisa kichwa kukubali. Wakalipa.

*

Mwisho wa mwezi Mkaguzi alichuchumaa, akachomeka kijichuma chake, kikazama chote. Akakohoa, akainua kidole gumba juu, akapungia lango. Mafundi ndani ya gari walipiga makofi. Dereva alifika nyumbani akipiga honi tangu kona ya mtaa, na Bibi akatoka nje na fimbo yake akajaribu kucheza.

"Vidole hivyo!" Dereva alisema, akimshika mkewe mkono mbele ya watu. "Vidole hivyo vikatiwe bima."

"Niache, watu wanatazama," Fundi alisema, na hakuuvuta mkono.

Siku zile mvua zilikuwa za mwisho mwisho, na gari lilikaa barabarani kama limegundishwa. Kisha mvua zikakata. Jua likaja kama lilivyo jua la kwetu, lami ikawa inanata kwenye viatu, na barabara ya machimbo, isiyo na mti hata mmoja, ikawa kikaango. Hapo ndipo Dereva alipoanza kuona vitu vyeusi.

Vilikuwa vidogo, kama punje, vimeshikamana kwenye kingo za meno. Alivipangusa. Kesho yake vilikuwepo tena. Binti yake aliokota kimoja, akakizungusha vidoleni.

"Baba, kama raba ya kufutia. Ukifuta sana inatoa hivi hivi."

"Nenda ukasome," Dereva alisema.

Alipunguza upepo kidogo. Punje zikazidi. Akaongeza upepo, katikati ya tairi pakaanza kuliwa. Aliendesha polepole ili yasipate moto, na mafundi wakaanza: "Dereva, leo tumepanda kobe?" Wakachelewa zamu, wakakatwa mshahara, na utani ukaisha. Kila jioni alichuchumaa kama Mkaguzi, akizamisha kidole kwenye mfereji, na kila jioni kidole kilizama kidogo kuliko jana. Kuna kitu kinatisha katika kutazama mali yako ikiisha mbele ya macho yako, na wewe huna pa kushika.

Fundi ndiye aliyebuni magunia. Aliyalowesha, akayafunika juu ya magurudumu gari lilipoegeshwa mchana, na maji yalipokauka akaenda kulowesha tena. Alitundika shuka kwenye kamba ya kuanikia ili kivuli kiangukie upande wa jua. Bibi alileta maji yake ya kuogea, yale yaliyobaki kwenye ndoo, akayamwaga taratibu juu ya tairi la nyuma huku akiliambia pole.

Jirani alipita akasimama.

"Eh, mmejifungua wanne mara moja? Na mmeshawaogesha?"

"Wanne," Fundi akajibu. "Ukitaka kulea, karibu."

Walicheka wote. Jirani alipoondoka Fundi akachuchumaa kwenye gurudumu, akabonyeza kidole gumba. Mpira ulikuwa bado laini. Ule ule ulaini uliompa furaha kule kwa Mjomba. Alifumba macho akatafuta kosa liko wapi, na vidole vyake havikumwambia kitu. Vilisema vile vile kama siku ile, tairi hili lina uhai.

Walirudi kwa Mjomba. Aliyatazama, akavua kofia.

"Wapwa zangu, hata mimi nashangaa. Labda unafunga breki sana."

"Sifungi breki sana. Tubadilishie," Dereva alisema.

"Nibadilishe na nini? Mimi mwenyewe niliuziwa kontena limefungwa. Nirudishe kwa nani?" Akanyoosha mkono kuonyesha minara yake. "Nikianza kubadilisha, nafunga biashara leo. Nawaambia ukweli."

Na ulikuwa ukweli. Fundi alimtazama yule mtu mzima aliyeshika kofia mkononi, akatafuta hasira, asiipate. Nyuma ya mnara mmoja aliona matairi mengine yenye ua, yakimngojea mwingine.

*

Siku ya kupimwa Dereva alitoka mapema, akalipeleka gari polepole kwa njia yenye vivuli. Mkaguzi alichuchumaa. Mara hii kijichuma kilizama kidogo tu, naye hakukifuta. Alipitisha kiganja juu ya tairi, akaokota punje nyeusi, akazitazama. Kisha akasogeza uso pembeni ya tairi, kwenye ule mlima, akakaa hapo muda mrefu akikohoa.

"Dereva, shuka."

Akashuka.

"Unaijua hii?"

"Ua. Alama ya ubora."

"Ua?" Mkaguzi akanyanyuka kwa kushika magoti. "Hii ni theluji, mdogo wangu. Ile barafu inayodondoka kutoka juu, chembe yake ikikuzwa ndivyo ilivyo. Haya ni matairi ya nchi za baridi, ya kutembelea juu ya barafu. Yanafanywa laini makusudi, kwa sababu huko mpira wa kawaida unakuwa mgumu kama jiwe. Kwenye jua hili letu ni kama umefunga siagi."

Mmoja wa mafundi ndani ya gari akaangua kicheko, akagundua yuko peke yake, akanyamaza.

"Nani alikuchagulia haya?" Mkaguzi akauliza.

Dereva alitazama chini. Aliona viatu vyake, aliona punje nyeusi kwenye vumbi jeupe la mawe.

"Nilichagua mwenyewe," alisema.

"Pole sana."

"Mzee wangu, nipe mwezi mmoja."

"Wa kufanya nini? Una matairi mengine?"

Mkaguzi alikohoa, akafungua lango dogo la watembea kwa miguu, akawaambia mafundi washuke wamalizie kwa miguu. Walishuka mmoja mmoja, wengine wakimgusa Dereva begani. Nyuma yao lilikuwa limeshasimama gari jingine likisubiri, jipya jipya, dereva wake kijana anatazama simu. Wenye kampuni walikuwa wamemwita tangu jana, kwa sababu ya zile zamu zilizochelewa.

"Si mimi," Mkaguzi akasema. "Unajua kuwa si mimi."

"Najua," Dereva alisema. Na alijua kweli, ndiyo maana alikosa hata mtu wa kumlaani.

*

Nyumbani alieleza kila kitu, baridi, barafu, siagi. Neno la "nani alikuchagulia" hakulieleza, na Fundi hakulijua kamwe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huko kwenye barafu wana matairi yao ya jua yanayowasumbua vilevile. Akarudi kitandani, na vidonge vyake vya asubuhi akavigawanya nusu nusu bila kumwambia mtu.

Fundi alimfuata mumewe nje. Dereva alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari, mlango wazi, mikono juu ya usukani.

"Sema," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Sema ni mimi. Ni mimi niliyeshika. Ni mimi niliyesema lina uhai. Nifokee basi, nitukane, mama asikie, mtaa usikie!"

"Nikikufokea, meno yataota?"

"Mimi nitapata nafuu!"

Alimtazama mkewe, na macho yake yalikuwa yamechoka tu, hamna hata chembe ya hasira.

"Sina nguvu za kukufokea," alisema. "Nisamehe."

Fundi aliondoa magunia kwenye magurudumu. Yalikuwa bado mabichi. Aliyakamua moja moja, akayaanika kwenye kamba, kwa sababu hakuna kingine kilichobaki cha kufanya kwenye ua ule.

*

Mwezi uliofuata shoga yake alimwita. Alikuwa na oda ya sare, alihitaji mkono. "Cherehani siwezi kukurudishia, shoga, nishaitegemea," alisema, akiona haya. "Lakini njoo uitumie. Kwa kila nguo nitakulipa." Fundi akaenda. Ilikuwa imewekwa pembeni, mahali pasipo na mwanga, na mwenye duka alikuwa ameipaka mafuta vizuri. Kanyagio lake lilikuwa bado limelika upande wa kushoto, kwa mguu wake mwenyewe. Lilimpokea kama kawaida.

Alishona asubuhi nzima kichwa kikiwa chini. Mchana akaingia mama mmoja, mteja wake wa zamani, amebeba vipande viwili vya kitambaa vya kijani.

"Jamani Fundi, kumbe uko hapa! Nimekutafuta! Hivi ni vya sare za watoto wangu, na pesa yenyewe unaijua, siwezi kushona mara mbili. Hiki ghali, hiki rahisi. Nishikie mwenzangu, uniambie kipi kitadumu."

Akaviweka juu ya cherehani, mbele yake.

Kidole gumba cha Fundi kilitangulia, kwa mazoea tu, kikagusa kile cha bei rahisi. Kilikuwa laini. Kizuri, kizito kidogo, kimejaa. Vidole vikamwambia upesi kama zamani, bila hata kusita. Yule mama alikuwa amemwinamia, akingoja, na uso wake ulikuwa umejaa imani.

Fundi aliiondoa mikono juu ya kitambaa, akaificha mapajani, chini ya meza.

"Sijui, mama," alisema. "Mimi sijui. Muulize mwenye duka."